Kujaribu Mimea Migeni katika Bustani ya Nyumbani

(Somo la Kilimo na Elimu ya Mimea kwa wanafunzi wa vidato vyote, pamoja na wazazi wao)

Kila likizo ifikapo wanafunzi wetu hurudi makwao, na wengi wao hukuta nyuma ya nyumba kipande cha ardhi chenye mchicha, matembele, bamia na pengine mpapai mmoja au miwili. Mimea hiyo ni mizuri, wala hatusemi ing'olewe. Lakini mara kwa mara mtu huletewa mbegu asiyoijua, au huona tunda geni sokoni, akajiuliza, "Je, hili litaota kwetu?" Swali hilo ni jema sana, maana ndilo lililoanzisha kilimo chote duniani. Somo hili lataka kuonyesha jinsi ya kulijibu kwa utaratibu, ili mwisho wa likizo mtu aweze kusema "najua" mahali pa kusema "nadhani."

1. Wenyeji wa leo walikuwa wageni wa jana

Mimea mingi tuiitayo yetu ilitoka mbali. Mahindi, ingawa jina lake hutupeleka mawazo India, kwao hasa ni Mexico. Muhogo, karanga, nyanya, pilipili, nanasi, papai, pera, korosho na parachichi vyote asili yake ni bara la Amerika, na vilianza kuenea duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno walivileta vingi katika mwambao wetu. Ndizi na nazi zilitoka Asia ya Kusini Mashariki na visiwa vyake. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, ikapandwa Unguja na Pemba katika karne ya 19. Kwa upande wa pili, mtama, uwele, ulezi, kunde na tikiti maji ni mali ya Afrika, na leo hulimwa katika nchi nyingi za mbali.

Basi kila tukaapo kula ugali wa mahindi au muhogo, tunakula matokeo ya jaribio la mtu wa kale aliyepokea mbegu ngeni, akaipanda kidogo, akaitazama, kisha akaamua. Jina lake halikuandikwa popote, lakini kazi yake twaila.

Tena yafaa kukumbuka kwamba ugeni ni wa mahali. Mgagani ni mboga ya kila siku kwa watu wa Kanda ya Ziwa, lakini nyumba nyingi za Pwani hazijaonja. Shokishoki ni tunda la kawaida Unguja, lakini ni ajabu kwa mtoto wa Dodoma. Njugu mawe, mnavu na mlenda ni vyakula vya zamani sana, lakini kwa kijana aliyekulia mjini huenda ni vigeni kuliko kabichi. Mtu hana haja ya kuagiza mbegu kutoka Ulaya ili afanye jaribio. Pengine mbegu nzuri kuliko zote imo ndani ya kibuyu cha bibi yake.

2. Watu wawili wenye bustani ndogo

Wanafunzi wengi hudhani majaribio ni kazi ya mabwana wakubwa wenye darubini. Sivyo. Nitatoa mifano miwili.

Vanila ni mmea utambaao, wa jamii ya okidi, na kwao ni Mexico. Ulipopelekwa katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho leo Réunion, katika Bahari ya Hindi, ulistawi na kutoa maua, lakini haukuzaa, maana wale nyuki wa Mexico waliozoea kuyahudumia maua yake hawakuwako kisiwani. Mwaka 1841 kijana mtumwa mwenye umri wa miaka 12, aliyekuja kuitwa Edmond Albius, aliligundua la kufanya. Alilitazama ua kwa makini, akaona kigozi chembamba kitengacho sehemu ya kiume na sehemu ya kike. Akakiinua kwa kijiti, kisha akazigandamiza sehemu hizo mbili kwa kidole gumba. Ua likashika mimba, likazaa. Kwa kuwa ua la vanila hufunguka siku moja tu, kazi hiyo hapana budi ifanywe siku ile ile. Njia ya kijana huyo ndiyo itumikayo hata leo Bukini, Uganda na Kagera. Albius mwenyewe alipata uhuru mwaka 1848 utumwa ulipokomeshwa kisiwani, akafa maskini mwaka 1880, huku wengine wakitajirika kwa ugunduzi wake.

Mfano wa pili ni wa Rudolph Hass, mpeleka barua wa California huko Marekani. Katika miaka ya 1920 alipanda kokwa za parachichi nyumbani kwake. Alikusudia kuibebesha miche hiyo vikonyo vya aina iliyosifiwa sana wakati huo, iitwayo Fuerte. Mche mmoja ukakataa. Kila kikonyo alichoubebesha kilikufa. Basi akauacha uendelee wenyewe. Ulipozaa, matunda yake yalikuwa na ganda gumu lenye vipele, ambalo huwa jeusi likiiva, na ladha yake ilikuwa nzuri ajabu. Mwaka 1935 aliandikisha haki ya aina hiyo kwa jina lake. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini vikonyo vyake vilibebeshwa dunia nzima, na kila parachichi ya Hass ivunwayo leo Njombe, Kilimanjaro au Murang'a ni mtoto wa mti ule mmoja.

Watu hawa wawili hawakuwa na fedha wala cheo. Walikuwa na jambo moja: walitazama kilichotokea hasa, hata kilipokuwa kinyume cha walichotarajia.

3. Mgeni aulizwe maswali manne

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini hata mgeni mwema huulizwa atokako kabla ya kukaribishwa ndani. Kila mmea mgeni na uulizwe maswali manne.

Swali la kwanza: Kwenu ni wapi, na kuna hali gani? Hapa kuna mambo mawili, joto na urefu wa mchana. Kwa kila mita 1,000 tupandazo mlimani, joto hupungua kwa kiasi cha digrii 6 hivi. Lushoto ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kabichi na pea zinazostawi huko huteseka Dar es Salaam. Tufaha lina shida zaidi. Mtufaha wa nchi za baridi hulala usingizi wakati wa majira ya baridi, na vichipukizi vyake haviamki sawasawa mpaka vipate mamia ya saa za baridi kali. Ndiyo sababu watu wa nyanda zetu za juu huchagua aina zisizohitaji baridi nyingi, kama ile iitwayo Anna. Huko Batu, Java Mashariki, wakulima hupukutisha majani ya mitufaha kwa mikono baada ya mavuno, na mti huchipua na kutoa maua bila kulala.

Urefu wa mchana husahauliwa na wengi. Hapa kwetu karibu na Ikweta mchana una saa 12 hivi mwaka mzima. Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haitimii saa moja. Lakini London mwezi wa Juni mchana hupita saa 16. Baadhi ya vitunguu vya Ulaya havianzi kujaza kichwa mpaka mchana uwe mrefu namna hiyo. Mtu akivipanda hapa atapata majani mazuri ya kijani, atapiga maji, atatia samadi, na kichwa hakitakuja kamwe. Atalaumu udongo, kumbe kosa ni la jua. Basi na achague aina zilizozoea nchi zetu, kama vile vitunguu vyekundu vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi.

Swali la pili: Huzaliwaje? Mbegu si za namna moja. Mbegu za nyanya, mchicha na pilipili hupenda kukaushwa vizuri na kuwekwa pakavu. Lakini mbegu za shokishoki, fenesi, doriani, embe, parachichi na kakao zikikauka hufa. Sharti zipandwe katika siku chache baada ya tunda kuliwa. Mananasi hupandwa kwa machipukizi au kwa kile kishungi cha juu. Tena uliza kama mmea una dume na jike. Mipapai mingine ni midume isiyozaa. Kwa hiyo panda miche mitatu au minne katika shimo moja, na maua yatakapotokea ng'oa iliyozidi, lakini acha dume moja bustanini kwa ajili ya chavua. Karakara za manjano nazo haziwezi kujizalisha kwa chavua yao wenyewe. Zataka mmea wa pili usio wa shina moja, na wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao. Mwenye kupanda mmoja tu atapata maua mengi na tunda hapana.

Swali la tatu: Ni sehemu gani yako iliwayo, na yaliwaje? Hili ni swali la uhai. Rubabu hulimwa kwa ajili ya mashina ya majani yake, ambayo hupikwa na sukari. Lakini bamba la jani lenyewe lina sumu. Muhogo mchungu una sumu ya kuua mpaka utayarishwe kwa kuloweka, kukausha na kupika inavyopasa. Majani ya magimbi yakiliwa mabichi huwasha koo vikali. Ackee, tunda lipendwalo sana Jamaika, likiliwa kabla halijafunguka lenyewe mtini laweza kuua. Hata mumunye wa kawaida, ukiuona mchungu, utupe mara moja, maana uchungu huo ni sumu ambayo haiishi kwa kupikwa. Kwa hiyo sheria yetu ni hii: mmea usiojua jina lake hauliwi. Mwulize mwalimu, au bwana shamba au bibi shamba wa kata, na usimwonjeshe mdogo wako kwanza.

Swali la nne: Je, utaiharibu nyumba? Wako wageni waingiao kwa adabu na kuifukuza familia. Gugu maji kutoka Amerika ya Kusini lilipendwa na watu kwa uzuri wa maua yake, wakalipanda katika madimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 liliziba bandari na njia za wavuvi. Dungusi, ambalo watu walilipanda kwa ua wa boma na kwa mapambo, leo limefunika malisho mengi huko Laikipia, Kenya. Hata huko Amani katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, mti uitwao msizi, uliopandwa kwa nia njema, umeingia ndani ya msitu wa asili na kuchukua nafasi ya miti ya huko. Kwa hiyo mmea uzaao mbegu nyingi mno, au utambaao haraka, au ambao mbegu zake huchukuliwa na ndege, upandwe kwa tahadhari au usipandwe kabisa.

Wageni wengine huja na ugonjwa. Mnyauko wa migomba usababishwao na bakteria ulithibitika Uganda mwaka 2001, na baada ya miaka michache ukaingia Kagera, ukakausha migomba iliyokuwa chakula cha nyumba nzima. Huenezwa pamoja na mengine kwa machipukizi yenye ugonjwa na kwa visu na mapanga yasiyosafishwa. Batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo navyo husafiri ndani ya vipando. Kwa sababu hii usichukue chipukizi wala kipando kutoka wilaya yenye ugonjwa. Na mbegu au mche wa kutoka nchi ya nje hauingizwi mfukoni. Sheria yataka kibali na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mbegu moja iliyofichwa ndani ya soksi yaweza kuwagharimu wakulima wa mkoa mzima.

4. Kuipima mbegu kabla ya kupanda

Mmea ukiisha kujibu maswali manne, pima mbegu zake. Hesabu mbegu 20, zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, ukiweke katika sahani mahali pa kivuli, na kila siku ukinyunyizie maji kidogo kisikauke. Baada ya siku zinazotosha kwa mbegu ya aina hiyo, hesabu zilizoota. Tuseme zimeota 15. Basi 15 kati ya 20 ni asilimia 75. Ikiwa wataka miche 30, gawanya 30 kwa 0.75, utapata 40. Hizo ndizo mbegu za kusia. Jaribio hili halina gharama, nalo huokoa ugomvi mwingi, maana mtu ambaye hakupima mbegu, zisipoota hajui kama ni kosa la mbegu, la mchwa, au la mkono wake.

5. Jaribio lenyewe: mfano wa figili

Kwa jaribio la kwanza nashauri figili nyekundu ndogo. Ni mboga ambayo nyumba nyingi haziijui, huliwa mizizi na majani, na hukomaa kwa muda wa wiki nne hivi, kwa hiyo yafaa kwa likizo. Kwa asili hupenda ubaridi. Penye joto kali mzizi wake huwa mkali, au hushika maua kabla ya kunenepa. Basi swali letu ni hili: Hapa kwetu, figili itazaa zaidi juani au chini ya kivuli chepesi?

Lima matuta madogo 6, kila moja mita moja kwa mita moja, udongo mmoja, samadi iliyooza vizuri kipimo kimoja. Sasa andika namba 1 mpaka 6 katika vikaratasi, vikunje, uvichanganye katika kofia, kisha mtoto atoe vitatu. Matuta hayo matatu yatatiwa kivuli chepesi cha makuti kilichoinuliwa juu ya miti kiasi cha mita moja. Matatu yatabaki juani. Kwa nini kura? Kwa sababu ukichagua mwenyewe, moyo wako utatia kivuli pale palipo pazuri. Sia mbegu siku moja katika mistari iliyoachana sentimita 20, kisha punguza miche ibaki moja kila sentimita 5. Mwagilia matuta yote sita kwa kopo lile lile na idadi ile ile. Chochote kisichokuwa kivuli na kiwe sawa.

Siku ya mavuno ng'oa figili 10 za katikati ya kila tuta, ukate majani, uoshe na kupima uzito. Tuchukue hesabu za kubuni tu ili tujifunze. Matuta ya juani yametoa gramu 160, 210 na 140. Jumla ni 510, wastani 170. Matuta ya kivuli yametoa 220, 190 na 250. Jumla ni 660, wastani 220. Kivuli kimeshinda kwa gramu 50.

Lakini tazameni kwa makini. Tuta moja la juani lilitoa 210, na tuta moja la kivuli lilitoa 190. Kama mtu angelima matuta mawili tu, na yakawa hayo mawili, angetangaza kijijini kwamba jua ni bora kuliko kivuli, naye angekuwa ameyaona kwa macho yake mwenyewe! Ndiyo maana hatutegemei tuta moja. Tena jibu hili lingekuwa la mahali na la majira yale tu. Huko Njombe mwezi wa Juni, ambako ubaridi upo tele na mwanga ndio hutafutwa, jibu laweza kuwa kinyume.

6. Daftari

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Kila mwenye jaribio na awe na daftari lenye mambo haya: jina la mmea na aina yake, mbegu ilikotoka, tarehe ya kusia, ya kuota, ya ua la kwanza na ya kuvuna, siku za mvua, wadudu na magonjwa yaliyoonekana, uzito wa mavuno, na ndoo za maji zilizotumika. Andikeni siku ile ile. Kumbukumbu za moyoni hupendelea. Hukumbuka figili ile kubwa na kusahau kumi zilizoliwa na minyoo.

Nasisitiza habari ya ndoo za maji. Katika nyumba nyingi maji hayo huchotwa na mama au dada, tena kwa safari ndefu. Mmea mgeni unaokunywa ndoo kumi kwa juma na kutoa matunda mawili kwa mwaka ni mgeni asiye na huruma, hata kama wapita njia huusifu. Kwa hiyo wazazi wasiogope: jaribio la mwanafunzi lisizidi fungu moja katika mafungu kumi ya bustani, wala lisipandwe mahali pa maharage ya nyumbani. Chakula cha familia hakifanyiwi bahati nasibu.

7. Hukumu ya mwisho hutolewa mezani

Mmea ukizaa vizuri, kazi bado haijakwisha. Je, watu wa nyumbani wataula? Hadithi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa yatufundisha. Ukosefu wa vitamini A hudhoofisha miili ya watoto wadogo na hata kuwapofusha, na viazi vyeupe havina vitamini hiyo. Viazi vya rangi ya chungwa vinayo tele. Lakini aina zilizoletwa mwanzo kutoka Marekani zilikuwa na majimaji, na watu wetu hupenda kiazi kikavu cha unga; tena zilishindwa na magonjwa ya virusi ya hapa. Basi wataalamu kama Robert Mwanga wa Uganda na Maria Andrade aliyefanya kazi Msumbiji walifanya kazi miaka mingi kuzalisha aina zenye rangi ile, zenye unga, na zenye kuvumilia hali ya Afrika. Mwaka 2016 wao, pamoja na wenzao wawili, Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Wangepuuza ulimi wa mlaji, viazi hivyo vingelishwa nguruwe.

Basi mwaliko wa kuonja uwe sehemu ya jaribio. Pika chakula kwa njia mbili: mara ya kwanza kama wafanyavyo kwao mmea, mara ya pili kama mama apikavyo mboga zake. Figili yaweza kuliwa katika kachumbari, na majani yake kupikwa kwa nazi au karanga kama mchicha. Waulize wote, pamoja na watoto, na uandike wasemavyo, hata wasemapo "hapana."

Wahenga walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Nasi tufanye hivyo. Mmea uliojaribiwa mara mbili au tatu, katika majira mbalimbali, ukaonekana wafaa kwa chakula au kwa soko, upewe nafasi yake bustanini ufanye kazi. Ulioshindwa uagwe kwa heshima, na habari zake zibaki daftarini, ili jirani asirudie hasara ile ile. Jaribio lililoshindwa na kuandikwa vizuri ni msaada kwa wengi kuliko lililofaulu na kufichwa.

Kazi ya likizo

1. Taja mimea mitano iliwayo nyumbani kwenu ambayo asili yake ni Amerika, na mitano ambayo asili yake ni Afrika.
2. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani ni mboga gani iliyoliwa utotoni mwake ambayo siku hizi haionekani. Tafuta mbegu yake.
3. Mbegu 25 zilipimwa, zikaota 20. Ni asilimia ngapi? Ukitaka miche 60, utasia mbegu ngapi?
4. Kwa nini matuta ya kivuli huchaguliwa kwa kura?
5. Fanya jaribio la figili, au la mboga nyingine ngeni, kwa matuta yasiyopungua 6. Andika daftari kama ilivyoelezwa, pamoja na hesabu ya ndoo za maji.

Madaftari yaletwe darasani juma la kwanza la muhula ujao, ya mimea iliyostawi na ya mimea iliyokufa. Tutayaweka pamoja kwa wilaya, joto na udongo, tuone ni mmea gani umefaa wapi. Mwanafunzi wa Pwani atajifunza kwa yule wa milimani, na wazazi watakaokuja siku ya wageni watakuta jedwali limebandikwa ukutani, wachague wenyewe la kupanda.